Kibuyu Namba Nne

Kazi ya kuandika katika kilabu cha tembo la mnazi niliipata mwaka ule vita vikubwa vilipokwisha, baada ya ofisi ya mizigo niliyokuwamo kupunguza makarani. Kilabu chenyewe kilikuwa upande wa Mbaraki: banda refu la mabati, sakafu ya saruji, na mabao ya kukalia yaliyokwisha kung'aa kwa kukaliwa na makuli wa bandarini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Kibokoni, mtoto wa nyumba ambayo tembo halikupata kuvuka kizingiti chake hata kwa kutajwa.

Mamangu hakunikataza. Alitafuta msumari mmoja mrefu, akaupigilia ukutani uani, akaniambia, "Nguo za huko zilale hapa." Basi kila jioni nikirudi nilivua shati na suruali pale pale uani, nikazitundika, nikaoga, ndipo nikaingia ndani.

Aliyenisema ni mjomba. Yeye ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na kutwa alikuwa barazani kwetu akishona kofia. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa akiuma uzi kwa meno, akisema bila kuniangalia: "Huuzi, hunywi, hubebi. Lakini unaandika, na mwenye kuandika naye yumo."

"Mjomba, mimi naandika idadi ya madebe tu."

"Madebe ya nini?"

Kazi ilikuwa haba, na mimi ndiye niliyekuwa nikileta unga nyumbani.

Tembo la kilabu lilitoka bara, hasa Rabai, asubuhi asubuhi, kwa baiskeli na kwa lori. Wauzaji walikuwa sita. Mmoja alikuwa mgavi mwenye lori lake, mtu wa kucheka sana, ambaye kila sikukuu hakukosa kumpelekea msimamizi wetu kuku wawili watatu. Huyu aliingilia lango la mbele. Wengine watano waliingilia nyuma, penye mtaro, na mara nyingi waliambiwa tembo limeshatosha, warudi nalo. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja wa Kirabai, mjane, mwenye umri kama wa mamangu. Minazi ilikuwa ya marehemu mumewe, mgema alikuwa kakake, na yeye ndiye aliyelileta na kuliuza. Kwa miaka saba alikuwa akisimama penye mtaro ule. Alikuwa mtu wa maneno machache, na madebe yake aliyafunika kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa. Nilikitazama sana kitambaa kile, kwa sababu banda zima halikuwa na kitu kingine cheupe.

Malalamiko yalipozidi, msimamizi akaamua kufanya shindano. Msimamizi alikuwa Mzungu wa makamo, mwekundu wa shingo, akisema kile Kiswahili cha kuamrisha kisichojali ngeli. Alisema kila muuzaji alete kibuyu kimoja cha tembo la asubuhi, waonje waamuzi watatu, na atakayeshinda atapewa haki ya kuleta tembo kilabuni mwaka mzima, kwa lango la mbele. Waamuzi walikuwa yeye mwenyewe, nyapara wa makuli, na mpishi mmoja mzee aliyewahi kupika melini. Mimi nilitakiwa niandike.

"Wewe Mwislamu, hapana kunywa," akaniambia. "Mzuri. Andika sawasawa."

Nikaamua nitaandika sawasawa kweli. Nilijua chaki haitashika kwenye vibuyu vilivyolowa maji, basi usiku wa kuamkia shindano nilikata vipande vya bati, nikavitoboa kwa msumari: kimoja kitundu kimoja, cha pili viwili, mpaka sita. Kila namba niliifanya mara mbili. Asubuhi kipande kimoja nilikifunga kwa kamba shingoni mwa kibuyu, na mwenziwe nikampa mwenye kibuyu akiweke. Nilitumia vitundu ili asiyejua kusoma naye aijue namba yake kwa kupapasa. Waamuzi walikuwa ndani wakati huo, wasione nani kapewa kipi. Yule mama wa Kirabai alipopokea chake alikipapasa kwa kidole gumba, akahesabu kimoyomoyo, akasema, "Nne." Akakifunga kwenye pindo la leso.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne ya asubuhi. Makuli waliotoka zamu ya usiku walikuwa wamejaa banda zima, na wengine walikuwa wamepanda juu ya mabao. Waamuzi walikaa kwenye meza moja nami ubavuni pao na daftari langu. Kila kibuyu kilipomiminwa, walinusa, wakaonja, wakatafuna kipande cha mhogo wa kuchoma ili kusafisha ulimi, kisha kila mmoja akataja alama zake kati ya kumi. Nami niliandika kila lililosemwa, hata yasiyokuwa alama. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa ofisini kwetu kwa zamani: andika kwanza, kufuta kutakuja.

Namba moja ilipita kawaida. Namba mbili, nyapara alitoa sita, mpishi sita, na msimamizi akakunja uso, akasema, "Hii maji mingi," akatoa tano. Niliandika. Ya tatu ilikuwa chungu. Ya nne ilipomiminwa povu lilipanda taratibu likasimama ukingoni, na yule mpishi mzee alipoonja alifumba macho. Akasema, "Hili ndilo tembo." Tisa. Nyapara, tisa. Msimamizi alikunywa kikombe chote, akaomba tena, akasema, "Mzuri sana. Nane." Ya tano na ya sita zilifuata, zikashindwa vibaya.

Nikajumlisha. Namba nne alama ishirini na sita. Iliyoifuata, namba moja, alama kumi na tisa. Nikampa msimamizi daftari, pamoja na karatasi yangu ya majina yenye kuonyesha kila namba ni ya nani.

Nilimwona akisoma. Alisoma mara moja, akaangalia upande wa wauzaji walipokaa, akasoma mara ya pili. Akaniinamia, tena kwa sauti ndogo: "Karani, wewe kosa. Hii nne na hii mbili, wewe geuza."

"La, bwana. Sikugeuza."

"Wewe geuza," akasema, na bila kungoja akasimama, akapiga meza, akatangaza kuwa namba mbili imeshinda. Namba mbili alikuwa mgavi mwenye lori.

Mgavi alisimama akicheka, akianza kupokea mikono ya watu. Makuli wakanung'unika, maana waliokuwa karibu na meza walikuwa na masikio. Ndipo yule mama akainuka. Alifungua pindo la leso, akatoa kile kipande cha bati, akakiinua juu.

"Mimi ni nne," akasema. "Niliwasikia wakiitaja nne. Daftari liko kwa nani?"

Hakumuuliza msimamizi. Alinitazama mimi, na banda zima likanitazama.

"Mwanangu, lisome."

Nimeulizwa mara nyingi tangu siku ile kama niliogopa. Niliogopa sana. Lakini pamoja na hofu ile kulikuwa na hasira. Nilikuwa nimekaa usiku uliotangulia nikitoboa vibati vile kimoja kimoja ili mtu yeyote asiweze kusema nimegeuza, na sasa ndilo neno la kwanza nililoambiwa.

Daftari lilikuwa mbele ya msimamizi. Nilinyosha mkono nikalichukua, nikasimama, nikasoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Nilipofika namba mbili nilisoma alama, kisha nikasoma na maneno: "Msimamizi amesema, hii maji mingi."

Banda likalipuka kwa kicheko. Kuli mmoja akapiga ukelele kutoka nyuma, "Mgema huyu hata hajasifiwa, kashatia maji!" Nikaendelea. Nilipofika namba nne nilisoma tisa, tisa, nane, na lile "mzuri sana" nikalisoma vilevile alivyolisema. Kisha nikafunga daftari.

Uso wa msimamizi ulikuwa umebadilika rangi. "Wewe najua nini mambo ya tembo?" akaniuliza.

"Mambo ya tembo siyajui, bwana. Nilichokisikia nakijua."

Akawageukia waamuzi wenzake. Nyapara aliangalia viatu vyake, akasema makelele yalikuwa mengi, hakumbuki alitaja ngapi kwa ipi. Mpishi mzee akacheka cheko la aibu, akasema, "Bwana, mimi tangu namba tatu nimeshalewa." Nikawa nimebaki peke yangu. Katika watu wote waliokaa kwenye meza ile, mimi tu ndiye niliyekuwa mzima wa akili, na mimi tu ndiye ambaye neno lake lilikataliwa.

Msimamizi aliuchana ule ukurasa mbele ya macho yangu, akautia mfukoni. Akaniambia Jumatatu kutakuwa na waraka, niutie sahihi kwamba nilikosea kuandika, na kama sikutaka, nisijisumbue kuja tena.

Habari ilifika Kibokoni kabla yangu. Nilipoingia uani nikamkuta mama amesimama karibu na ule msumari, na mjomba ameacha kofia zake barazani ameingia ndani, jambo ambalo hakulifanya ila kwa msiba.

"Mungu kakufungulia mlango wa kutokea," mjomba akaniambia. Alikuwa mpole kuliko siku zote. "Tia sahihi, kisha ondoka. Ugomvi wa walevi waachie walevi. Wewe ukasimame shahidi katika tembo? Watu wa mtaa huu watatutazama vipi?"

Alikuwa na haki ya kusema, na nusu ya moyo wangu ilikuwa imeshakubali. Mama alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Hayo uliyoyaandika," akauliza, "umeyaona kwa mato yako?"

"Nimeyaona, mama. Na nimeyasikia."

"Na huo waraka wasema hukuyaona?"

"Wasema nimekosea."

Akaweka ungo chini. "Kakangu," akamwambia mjomba, "tembo ni haramu, hapana anayebisha. Na uongo je? Umehalalishwa lini?"

Mjomba alikuwa mtu aliyesoma, na alijua vizuri kuliko sisi wawili dini inasema nini juu ya anayeficha ushahidi. Mwishowe akasema, "Atapoteza kazi."

"Na aipoteze," mama akajibu. "Kazi yenyewe hata nguo zake sizitaki ndani."

Jumatatu asubuhi sikuvaa zile nguo za msumarini. Nilivaa kanzu na kofia, kofia mpya aliyoishona mjomba mwenyewe. Aliniwekea juu ya kiti, nami nikaivaa bila kuuliza. Nikatembea hivyo kutoka Kibokoni, nikapita Makadara na Ganjoni, na watu walionijua waliniamkia, "Sabalkheri, wapi mapema hii?" Nami kila mmoja nilimjibu kwa ukweli: "Naenda kilabuni kutoa ushahidi." Wengine walidhani nafanya mzaha. Mmoja aliomba maghufira, akavuka kwenda upande wa pili wa njia.

Penye lango niliwakuta wauzaji wale watano wameketi chini, baiskeli zimelazwa, madebe yamejaa. Hawakuyaingiza. Yule mama wa Kirabai alikuwa katikati yao pamoja na kakake mgema, mwanamume mwembamba mwenye makovu ya minazi miguuni. Aliponiona na kanzu yangu alisimama, na wenziwe wakasimama. Sikutarajia kusimamiwa. Nilimwamkia, akaitikia, nikaingia.

Waraka ulikuwa tayari, umepigwa chapa, na kalamu juu yake. Nilisoma wote. Ulisema mimi karani, kwa uzembe, niligeuza alama za namba mbili na namba nne. Msimamizi alikuwa amekaa akipuliza moshi wa sigara, hana hata haraka. Nafikiri alikwisha kuamua kuwa kijana wa Kiswahili asiye na kazi nyingine hana pa kwenda.

Nikachukua kalamu. Nikaugeuza waraka, na upande wa nyuma usioandikwa kitu nikaandika alama za vibuyu vyote sita kama zilivyokuwa, maana nilikuwa nimezihifadhi kwa kichwa, pamoja na maneno ya kila mwamuzi. Chini nikaandika jina langu kamili na la baba yangu, nikatia sahihi.

"Hii nini?" akauliza.

"Hicho ndicho ninachoweza kukitilia sahihi, bwana."

Alisoma. Alipofika kwenye "maji mingi" akaukunja waraka, akaninyooshea mlango. "Toka. Wewe hapana kazi tena."

"Nimekuja nikijua hilo," nikamwambia. Nikatoka kwa lango la mbele.

Wauzaji wale hawakuingiza tembo siku ile, wala iliyofuata, wala wiki nzima. Mgavi wa lori alileta lake, na makuli walilinywa siku mbili, ya tatu wakaanza kulimwaga sakafuni wakimwita msimamizi aje aonje. Siku ya tisa msimamizi akakubali wauzaji wote sita waingie kwa lango la mbele, kwa zamu, bila kupendelea. Lakini matokeo hakuyarudia. Ile haki ya mwaka mzima aliyompa mgavi aliinyamazia tu, kana kwamba shindano halikuwahi kuwapo. Wanne walikubali wakaingia. Yule mama alikataa. Alituma neno kwamba atarudi siku matokeo yatakaposomwa tena, mahali pale pale, mbele ya watu wale wale. Alingojewa alegee, hakulegea. Akawa anauza kwao Rabai, kwa watu wa harusi na matanga, na waliotaka tembo lake walilifuata huko.

Mimi nilikaa miezi mitano bila kazi. Mtaani niliitwa Karani wa Tembo, na waliosema hivyo hawakukumbuka kuwa sikupata kulionja. Palikuwa na posa mama aliyokwisha kuipeleka nyumba moja jirani. Ikarudishwa kwa maneno ya adabu sana. Sikuwalaumu, wala sikuwaendea kujieleza. Nilichokuwa nimekifanya nilikifanya mbele ya watu, na aliyetaka kujua angeweza kuuliza.

Ilikuwa imepita kama miezi miwili tangu shindano, siku moja mchana mlango wa uani ukabishwa hodi. Alikuwa yule mama wa Kirabai, na kikapu cha nazi na chupa moja iliyozibwa kwa gunzi. Mama alimkaribisha mkekani, wakaulizana hali, wakazungumza habari za homa na wajukuu kana kwamba wamejuana siku nyingi. Mwisho mgeni akaisogeza ile chupa.

"Ni siki," akasema. "Lile lililobaki kibuyuni siku ile sikulimwaga. Nililiacha, likageuka lenyewe. Nimesikia kwenu siki mnakula."

Mama aliishika chupa akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa safi, rangi ya chai nyepesi. Akaita barazani: "Kakangu! Tembo likigeuka siki lenyewe, bila ya kutiwa kitu?"

Sindano ya mjomba ilisimama. Alijua ni nini kinachoulizwa na ni nani yuko ndani. Angeweza kusema hajui. "Likigeuka lenyewe," akajibu, "ni halali. Hayo yamo vitabuni."

Mama akafanya achari ya ndimu. Ilipoiva aliiweka sinia moja na wali, na mjomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyosha mkono. Akala, akatafuna kwa makini. Hakusifu, ila alijiongezea.

Baadaye nilipata kazi kwa Mhindi mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa Makadara. Siku ya kwanza aliniuliza, "Ni wewe yule karani wa tembo?" Nikasema ni mimi. Nilikuwa tayari kugeuka niende zangu. Akanipa mkasi na futi ya kupimia.

Miaka ikapita miwili mitatu. Siku moja akaingia dukani yule nyapara, mwamuzi wa pili, amezeeka ghafla, anatafuta kitambaa cha harusi ya bintiye. Alinitambua kabla sijamtambua. Alizungukazunguka majora, kisha watu walipopungua akanisogelea.

"Siku ile nilikuwa nakumbuka," akasema. "Nilisema tisa. Nilimwogopa bwana, nilikuwa na watoto. Nimekuwa nikitaka kukwambia. Niwie radhi."

Nilikuwa nimeshika jora la hariri ya bandia, rangi ya waridi. Nilipima yadi alizotaka. Mzee wa watu alikuwa ameinamisha kichwa, na ningeweza kumwambia yamekwisha. Wenzangu dukani waliniambia baadaye kwamba ndivyo ilivyonipasa.

"Radhi yangu ya nini, mzee?" nikamwambia. "Mimi sikuleta kibuyu. Mwenye kibuyu yuko Rabai, hai, na akili zake timamu."

Akacheka, akidhani natania. Nilimkatia kitambaa chake, nikakikunja, nikamfungia kwa uzi, nikamwambia basi la kwanza la Rabai huondoka saa moja ya asubuhi.